Upepo Haupimwi kwa Teke

Maneno haya niliyasema mbele ya madereva wenzangu wa bajaji hapa Mbeya, asubuhi moja ya Julai, kwenye uwanja tunapoegesha. Waliokosa wakaomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, isipokuwa matani mawili matatu ambayo mwenyekiti aliniambia yabaki palepale uwanjani.

Mwenyekiti wetu, wazee wa kituo, dada zangu wawili mnaoendesha, na vijana. Wakubwa shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Najua mnanung'unika. Saa kumi na mbili ya Julai, Mbeya hii, mtu akifungua mdomo unatoka moshi. Jana mwenyekiti aliwaomba muache bajaji zilale hapa na mlinzi, mrudi nyumbani kwa miguu, na wapo waliorudi wakisonya. Kuna mmoja aliniuliza, "Kaka, hayo mambo ya upepo hayawezi kusubiri saa nne, jua likishawaka?" Hayawezi. Upepo wa tairi unapimwa tairi likiwa la baridi, na tairi la baridi ni lile lililolala. Mngekuja mnaendesha kutoka Uyole na Iyunga, kila namba ambayo geji, hiki kipimo cha upepo, ingetoa hapa ingekuwa imeshaongopa.

Mimi nimeendesha bajaji miaka tisa. Mgongo ukanikataa, sasa ni fundi pancha. Nimelikalia tairi kwa miaka, na sasa ni zamu yake kunikalia mimi.

Kabla hamjafika nimepita na geji yangu kwenye bajaji chache. Sitaji namba za usajili. Ile ya kwanza pale ukutani, nyuma kushoto ina paundi 31, yaani paundi kwa kila inchi ya mraba, nyuma kulia 22. Mwenye chombo yupo hapa, anacheka. Nimemuuliza alipoingia, akaniambia, "Fundi, jana jioni nimeyapiga teke yote, yalikuwa poa." Na mimi namwamini kwamba aliyapiga. Shida ni kwamba tairi la bajaji lina ukuta mfupi na mgumu. Likiwa na paundi 22 na likiwa na 31, kwa macho yanafanana, kidole gumba kinagota vilevile, na teke linalia vilevile. Tairi likifika mahali teke linakupa jibu tofauti, ujue limeshakula tyubu yake ndani.

Inameni kidogo msome ubavuni. Bajaji zetu nyingi zimeandikwa 4.00-8. Maana yake upana wa tairi ni inchi 4, na rimu ina kipenyo cha inchi 8. Jumlisha tairi juu na chini ya rimu, unapata kitu cha sentimita 40 hivi. Mzunguko mmoja unakupeleka mbele mita moja na robo na kaupande. Kwa hiyo katika kilomita moja gurudumu lako linazunguka zaidi ya mara 750. Gari dogo lenye tairi la kipenyo cha sentimita 60 linazunguka kama mara 530 katika kilomita hiyohiyo. Na kila mzunguko, kile kipande kinachogusa lami kinajikunja, kisha kinanyooka. Chukueni waya wa chuma, ukunjeni hapo hapo mara ishirini, halafu ugusisheni kwenye mdomo. Mtanikumbuka. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi ya lilivyotengenezwa kujikunja, na joto lake linapika nyuzi za ndani na tyubu. Ukiliona limepasuka ukasema "nimekanyaga kitu", mara nyingi hukukanyaga kitu. Umelichemsha mwenyewe tangu Mwanjelwa.

Nichepuke kidogo, maana hii naipenda. Kuna daktari wa mifugo, Mskoti aliyekuwa akiishi Belfast, jina lake John Boyd Dunlop. Mwaka 1887 mtoto wake wa kiume alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, yenye matairi ya mpira mgumu, inamtikisa kwenye mawe ya barabarani. Baba akatengeneza mpira wa ndani, akaujaza upepo, akaufunga kwenye gurudumu. Akalibiringisha uani pamoja na gurudumu la zamani, na lile la upepo likaenda mbali zaidi. Mwaka 1888 akapata hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi. Baadaye ikagundulika kuna Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alishalifikiria jambo hilo miaka ya 1840, lakini halikushika. Kwa hiyo mtu akiwaambia bajaji si chombo kamili, mwambieni tairi la upepo la Dunlop lilianzia kwenye magurudumu matatu, magari yakalikuta.

Na hizi rimu ndogo tumezirithi kwa Waitaliano. Kampuni ya Piaggio ilitoa Vespa mwaka 1946, na mwaka 1948 ikatoa ndugu yake wa magurudumu matatu, Ape. Vespa kwa Kiitaliano ni nyigu, Ape ni nyuki. Bajaj wa India wakatengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio, na leo sisi tunaita kila chombo cha miguu mitatu bajaji hata kama kimetoka kiwanda kingine.

Turudi. Upepo wa ngapi?

Hapo ndipo kila kijiwe kina sheikh wake. Kuna wa "40 pote, bajaji inakuwa nyepesi". Kuna wa "25, abiria wasilalamike". Mimi nasema anza na kibandiko kilichobandikwa kwenye chombo, au kitabu ulichopewa siku bajaji ilipotoka dukani. Kama kitabu kimeliwa na panya, muulize wakala wa aina hiyohiyo ya bajaji. Usisome ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ukadhani ndiyo ya kujaza. Ile ni ukomo, kwamba usizidishe hapa. Ni kama chupa ya dawa inayokwambia usinywe zaidi ya vijiko vinane kwa siku, wewe ukavibugia vinane kwa mkupuo.

Kitabu kitakupa namba mbili, ya mbele na ya nyuma, na mara nyingi ya nyuma iko juu. Tuchukue mfano wa 30 mbele na 34 nyuma. Nasema mfano, mtu asiondoke hapa akajaze namba zangu kwenye chombo ambacho kitabu chake kinasema vingine. Na vitabu vingine vinaandika kwa kilo kwa kila sentimita ya mraba. Kilo moja ya hapo ni paundi 14 na kitu kidogo. Ukiona 2.1, hiyo ni paundi 30. Ukiona 2.4, ni paundi 34. Ukikuta imeandikwa bar, bar moja ni paundi 14.5. Andikeni mkononi.

Kwa nini nyuma zaidi? Kwa sababu mpira haubebi mzigo. Anayebeba ni upepo, mpira ni gunia tu la kuushikilia. Gurudumu moja la nyuma likibeba kilo 200, na upepo ni kilo 2.4 kwa kila sentimita ya mraba, gawanya. Unapata sentimita za mraba 83. Hilo ndilo eneo linalokugusanisha na barabara: kiganja hiki, bila vidole. Upepo ukishuka hadi nusu, 1.2, tairi litatandaza mpaka lipate sentimita 166, yaani viganja viwili, kwa sababu mzigo haujapungua na lazima ubebwe. Kule kutandaza ndiko kujikunja nilikokusema. Ndiko kunakula mafuta pia, ile "siku hizi inakunywa" ambayo mnampelekea fundi wa kabureta.

Sasa wewe wa 40 pote. Bajaji inakuwa nyepesi, kweli, nami nimewahi kuijaza hivyo. Lakini kiganja kinakuwa kidogo. Mvua ya Machi kwenye mteremko wa kushuka mjini, unakanyaga breki na gurudumu linateleza kama limepakwa sabuni. Ukipita kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani, nyuma inarukaruka, na gurudumu likiwa hewani halina breki. Tairi linalika katikati, pembeni bado lina meno mazuri. Lenye upepo mdogo linalika pembeni zote mbili, katikati kumebaki. Mnaweza kusoma tairi kuukuu kama mnavyosoma kiganja cha mtu mkajua kazi yake.

Na kuongeza upepo si kibali cha kuongeza abiria. Chombo ni cha abiria watatu na dereva. Huyo wa nne anayekaa nusu tako pembeni yako, upepo haumjui.

Jambo ninalotaka mlishike kuliko hizo namba ni hili. Bajaji ni pembetatu. Mguu mmoja mbele, miwili nyuma, na uzito wote unatakiwa uwe ndani ya pembetatu hiyo. Gari likilegea tairi moja la nyuma, bado kuna la mbele upande uleule linalolisaidia. Bajaji haina. Tairi moja la nyuma likiwa laini, kona nzima ya pembetatu inazama. Ukikata kona, uzito unahamia upande wa nje; kama upande huo ndio wenye tairi laini, linazama zaidi, ukuta wake unapinda, na bajaji inaendelea kulala baada ya wewe kudhani imemaliza kulala. Kwa hiyo ukiniuliza lipi baya zaidi, matairi ya nyuma yote mawili kuwa 30 wakati kitabu kinasema 34, au moja kuwa 34 na la pili 24, nitakwambia hilo la pili linanitisha zaidi. Yalingane kwanza.

Hili sikulisoma. Mwaka wangu wa tatu barabarani nilipakia magunia mawili ya viazi na mama mwenye viazi vyake, alfajiri, tunapeleka Mwanjelwa. Tairi la kushoto nyuma lilikuwa linavuja taratibu wiki nzima. Nilikuwa nalijaza kila asubuhi kwa pampu ya baiskeli, bila geji, nahesabu pampu: sitini, linatosha. Siku ile nilikuwa nimechelewa, nikapiga arobaini. Kona ya kulia, mteremko kidogo, mwendo wa kawaida kabisa. Nilisikia nyuma inaketi, kama mtu mzito amekaa kwenye kochi. Nikageuza usukani kuirudisha, ikawa ndiyo nimeimalizia. Tulilala ubavu. Mama yule alichubuka kiwiko tu, Mungu mkubwa. Viazi vikashuka mlima vyenyewe, watoto wa shule wakijaza mifuko ya madaftari. Mama hakunitukana. Aliniangalia, akaliangalia tairi, akasema, "Mwanangu, si ulikuwa unajua?" Nilikuwa najua. Jioni ile nilinunua geji, na ndiyo hii hapa.

Sasa joto. Hapa Mbeya mwezi kama huu asubuhi ni chini ya nyuzi 10, na mchana tunafika ishirini na kitu. Kwa matairi yetu, kila nyuzi 10 za joto zinapandisha karibu paundi moja na nusu. Halafu tairi lenyewe likikimbia linajipasha zaidi ya hewa ya nje. Ukijaza 34 alfajiri, ukipima saa nane mchana baada ya tripu kumi unaweza kukuta 38 au 39. Mtu anaogopa, anabonyeza mdomo wa tyubu, fsss, anarudisha 34, anajiona amefanya la maana. Kesho asubuhi tairi likipoa ana 29 au 30. Kesho mchana anapima, imepanda tena, anatoa tena. Kitabu kimeshayajua hayo. Namba ya kitabu ni ya tairi baridi, na kule kupanda kwa mchana wamekupigia hesabu. Usitoe upepo wa tairi moto.

Kijana mmoja hapa ameniuliza kuhusu bajaji zinazopandishwa kwenye lori kutoka Dar. Swali zuri. Huku juu hewa inayotuzunguka ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo geji ingesoma kama paundi mbili na nusu zaidi kwa tairi lilelile ambalo halijaguswa. Lakini baridi ya huku inashusha karibu kiasi hichohicho. Vinakaribia kufutana. Wewe likishushwa tu liache lilale, pima asubuhi, jaza namba ya kitabu. Mlima hauna namba yake.

"Sasa fundi, mashine ya upepo iko mbali na kwangu, nikifika tairi limeshapata moto." Hapo kuna ujanja mdogo. Pima nyumbani kabla hujawasha. Tuseme la nyuma kulia lina 26 na linatakiwa liwe na 34. Lina deni la 8. Nenda kwenye mashine. Ukifika, pima tena hata kama imepanda, tuseme inasoma 29. Ongeza deni lako la 8 juu ya hiyo 29, jaza mpaka 37. Kesho asubuhi utakuta 34 au jirani yake. Kijana wa mashine atakubishia. Mwache abishe, tairi ni lako.

Na geji iwe yako. Geji ya kwenye mashine imeshaanguka chini mara nyingi kuliko sisi sote hapa. Geji ya mfukoni haifiki nusu ya hesabu ya siku moja unayompelekea bosi. Najua wapo mabosi wanaosema tairi ni shauri la dereva, na madereva wanaosema chombo ni cha bosi. Nimefanya kazi kwa bosi wa namna hiyo, tulibishana juu ya tyubu moja wiki mbili, na wiki hizo mbili tairi likaisha. Nunueni wenyewe. Hata kama geji yako inakosea paundi moja, inakosea vilevile kila siku, kwa hiyo itakuonyesha mabadiliko. Ukitumia ya huyu leo na ya yule kesho, hujui kama kilichobadilika ni tairi au geji.

Kila Jumatatu, kabla ya kuwasha: fungua kifuniko, bandika geji wima, moja tu, thabiti. Ukisikia fsss ndefu hukubandika vizuri, rudia. Andika kwenye daftari namba tatu, mbele, kushoto, kulia. Tyubu yoyote hupoteza upepo kidogo kidogo kupitia mpira wenyewe, hilo lisikutishe. Wiki ikiisha mbele imeshuka 1, kushoto 1, kulia 5. Hiyo ya kulia ina pancha ya taratibu. Anza na mdomo wa tyubu: weka mate, yakitoa povu kaza kipini cha ndani, kile kinachozuia upepo usitoke. Kifuniko kirudishe, si urembo, kinazuia vumbi la Mbalizi lisiingie likakaa kwenye kipini.

Hivi vifuniko vya rangi vinavyodai kugeuka vyekundu upepo ukipungua, na vile vya umeme vinavyotuma namba kwenye simu: vya umeme vinafanya kazi, nimeviona. Ila vina uzito, na mdomo wa tyubu zetu unacheza kwenye mashimo. Mimi sijavifunga. Nitrojeni ya kulipia nayo, hewa tunayovuta bure ina nitrojeni asilimia 78. Tuendelee.

La mwisho ni la hatari, na hapa sitaki utani. Rimu zetu nyingi ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati. Kuna nati zinazoshika gurudumu kwenye drumu ya breki, na kuna nati zinazobana vipande vya rimu. Zinakaa jirani, na gizani zinafanana. Ukifungua hizo za pili tairi likiwa na upepo, rimu inaachana ghafla na kinachoruka ni chuma, usawa wa uso wako, kwa sababu umeinama. Kabla spana haijagusa nati yoyote, toa kipini, acha upepo uishe kabisa, bonyeza tairi kwa goti. Hata kama unabadilisha tu na kuweka la akiba. Wakati wa kurudisha, funga nati za rimu kwa mkono, tia upepo kidogo tyubu ijinyooshe isibanwe kati ya vipande, utoe wote, ukaze kwa spana, ndipo ujaze. Na tairi la akiba mlipime leo. La akiba wengi wenu mnalipima siku ya msiba.

Jua linachungulia kule nyuma ya mlima, na likishayagusa matairi ya upande ule hesabu yetu imeharibika. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako nianze na ile ya ukutani, yenye 31 na 22. Njoo bwana, shika geji mwenyewe. Wima. Hapana, umelegeza, unasikia inavyolia? Rudia.